Daktari wa Nyikani na Redio ya Pedali

Sehemu kubwa ya bara la Australia ni nyika kame, na tangu walowezi wa Kiingereza walipofika, wengi wao wamekaa karibu na pwani. Wenyeji wa asili walikuwa wameishi katika nyika hiyo kwa makumi ya maelfu ya miaka, wakijua kila kisima na kila njia. Walowezi waliowafuata na ng'ombe wao katika karne ya 19 walikuja na mahitaji mengine. Kwa kuwa majani ni haba, ranchi moja iliweza kuchukua maelfu ya kilomita za mraba, na jirani wa karibu akawa umbali wa safari ya siku nzima au zaidi. Unga, barua na dawa vyote vilitoka mbali. Kwa hiyo adui mkubwa wa maisha ya mlowezi hakuwa jua peke yake, bali umbali.

Umbali huo ulianza kupunguzwa kwa waya. Mwaka 1872, chini ya usimamizi wa Charles Todd, njia ya telegrafu ya takribani kilomita 3,200 ilikamilika kutoka Adelaide hadi Darwin, na njia nyingine zikafuata kwingineko. Habari sasa zilifika siku ileile, lakini mtu aliendelea kusafiri kwa farasi, ngamia au meli. Pengo kati ya mwendo wa habari na mwendo wa mtu ndilo lililoonekana wazi mwaka 1917, huko Halls Creek, kaskazini-magharibi.

Mchunga ng'ombe kijana, Jimmy Darcy, aliangukiwa na farasi wake, akaumia vibaya ndani ya tumbo. Wenzake walimbeba hadi Halls Creek, ambako hapakuwa na daktari. Aliyekuwapo ni mkuu wa posta, Fred Tuckett, ambaye aliwahi kusomea huduma ya kwanza tu. Tuckett aliuliza kwa telegrafu, na Dkt. Holland akamjibu kutoka Perth, zaidi ya kilomita 2,000 kusini: kibofu kimepasuka, mpasue. Hakukuwa na dawa ya usingizi wala vifaa vya upasuaji. Tuckett alitumia kisu cha kukunja, akifuata maelekezo yaliyoingia neno kwa neno kwa alama za Morse. Kisha daktari mwenyewe akaanza safari kwa meli ya ng'ombe, akaendelea kwa motokaa mbovu na kwa gari la farasi, na alipofika alikuta Darcy amefariki siku moja kabla. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kinapona. Malaria ndiyo inayotajwa kumuua.

Kisa hicho kilisomwa nchi nzima, na John Flynn, mchungaji wa Kipresibiteri aliyeongoza misheni ya maeneo ya ndani ya bara tangu 1912, alikitumia kuchangisha fedha. Mwaka huohuo wa 1917 alipata barua ya Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari aliyejiunga na jeshi la anga, akimpigia hesabu ya gharama za kumrusha daktari kwa ndege. Peel aliuawa Ufaransa mwaka 1918, asione wazo lake likitimia. Kwanza ndege zilipaswa kuwa imara, kisha fedha zipatikane. Wosia wa H. V. McKay, mtengenezaji wa mashine za kuvunia, ulisaidia sana. Tarehe 17 Mei 1928 ndege iliyokodishwa kutoka Qantas, wakati huo kampuni ndogo, iliondoka Cloncurry ikiwa na Dkt. Welch, na huduma ya daktari wa ndege ikaanza.

Lakini mtu asiye na waya wa telegrafu angewezaje kuiita ndege? Redio za wakati huo zilidai umeme, na betri zilikuwa nzito na ghali. Alfred Traeger, fundi wa Adelaide, alijaribu jenereta ya kuzungushwa kwa mkono, akaona kwamba anayezungusha hawezi tena kugonga alama za Morse vizuri. Akahamishia kazi miguuni: pedali kama za baiskeli chini ya meza, mikono ikabaki huru. Mwaka 1929 redio ya kwanza ya aina hiyo ilifungwa katika ranchi ya Augustus Downs, Queensland. Likabaki tatizo la Morse, maana aliyebaki nyumbani mara nyingi alikuwa mke wa mwenye ranchi, na hakuwa amejifunza alama hizo. Traeger akaunda kibao cha herufi mfano wa taipureta: ukibonyeza A, mashine inatuma A.

Vitabu vingi humpa sifa Flynn, na wengine huona ndege ndiyo iliyobadilisha mambo. Flynn alistahili sifa, ingawa wakosoaji wake hukumbusha, kwa haki, kwamba misheni yake ililenga zaidi walowezi kuliko wenyeji waliochunga ng'ombe wa walowezi hao. Kwa maoni yangu, hata hivyo, pedali zilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu daktari alirushwa kwa wachache waliozidiwa, ilhali wengi walitibiwa redioni: ranchi zilipewa masanduku ya dawa zenye namba, na daktari alitaja namba tu.

Mwaka 1951 mtandao huohuo wa redio, sasa ukibeba sauti badala ya Morse, ulianza kutumika kufundishia watoto wa ranchi kutoka kituo cha Alice Springs. Nje ya saa za masomo na matibabu, wanawake wa ranchi waliitumia kupiga soga, na kwa kuwa wote walikuwa kwenye masafa yaleyale, aliyemweleza daktari maumivu yake alijua kwamba majirani wote wanasikiliza.