Majeraha ya nyonga katika gofu

Majeraha ya nyonga katika gofu ni maumivu au uharibifu wa kiungo cha nyonga, pamoja na misuli na kano zake, unaoletwa na kuzungusha mwili wakati wa kupiga mpira. Wachezaji huumia kiuno na kiwiko mara nyingi zaidi, lakini gegedu ya nyonga ikishalika hairudi.

Chanzo

Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mzigo mkubwa huangukia nyonga ya kushoto. Fimbo inaposhuka, uzito huhamia mguu wa kushoto, na fupanyonga huzunguka juu ya paja ilhali unyayo umeshikwa na njumu. Nyonga ikiwa ngumu, kichwa cha mfupa wa paja hugonga ukingo wa kikombe chake, na ukingo huo huweza kuchanika. Mzunguko unaokosekana hapo hudaiwa kwenye pingili za kiuno.

Kinga

Hatua rahisi ni kuelekeza vidole vya mguu wa mbele upande wa shabaha, kiasi cha nyuzi 20 hadi 30, ili nyonga isilazimike kujisokota sana. Kabla ya mchezo hufaa kutembea, kubembeza miguu na kuanza kwa mipigo mifupi. Misuli ya matako huimarishwa kwa kulala chali na kuinua kiuno, au kutembea kiupande kwa mkanda wa mpira. Maumivu ya kinena yasiyoisha yapelekwe kwa daktari.

Wachezaji mashuhuri

Jack Nicklaus wa Marekani, bingwa wa mashindano makuu 18, aliwekewa nyonga bandia ya kushoto mwaka 1999. Mwaka 2000 alicheza mashindano yote manne makuu. La kustaajabisha zaidi ni la Tom Watson. Alibadilishwa nyonga ya kushoto mwaka 2008, na Julai 2009, akiwa na miaka 59, alikaribia kutwaa The Open, mojawapo ya mashindano hayo makuu, huko Turnberry, Uskoti. Alikosa mpigo wa ushindi kwenye shimo la 18, kisha akashindwa na Stewart Cink katika mashimo ya nyongeza.

Afrika Mashariki

Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Huko si wachezaji tu wanaohitaji kutunza nyonga: kedi, yaani msaidizi wa mchezaji, anayebeba mfuko wa fimbo kwa mashimo 18 huweza kulinda nyonga zake kwa kuuvaa mabega yote mawili.