Maziko ya Walowezi wa Marekani na Fundisho Lake kwa Wanaushirika

Ndugu wanachama, katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, yafaa tutaje pia jambo lisilopendwa kutajwa, nalo ni msiba. Tumechagua habari za walowezi wa tambarare za Marekani katika karne ya 19. Watu hao walianza kwa kuzikana kwa nguvu za mikono, kisha wakaunda vyama vya kusaidiana; na kasoro iliyoingia katika hesabu za vyama vile yatuhusu sisi sote.

Tangu miaka ya 1840 watu wengi walisafiri kuelekea magharibi kwa magari yaliyokokotwa na maksai. Kati ya mwaka 1849 na 1852 kipindupindu kiliwaua wengi njiani, hasa kando ya mto Platte. Maiti aliviringishwa katika blanketi, akazikwa upesi bila jeneza. Mara nyingine kaburi lilichimbwa katikati ya njia, ili magurudumu yapite juu na kufuta alama zake, wanyama wasije wakalifukua. Wafiwa waliendelea na safari, wakijua kwamba hawatalizuru tena.

Mwaka 1862 serikali ilitunga sheria ya kugawa mashamba ya hadi ekari 160. Nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wake wa asili walikuwa wakiondolewa kwa nguvu. Walowezi walitoka mataifa mbalimbali, na wengi waliacha jamaa zao mbali. Basi mtu alipofariki, jirani ndiye aliyekuwa ndugu. Wanawake walimwosha maiti na kumvika. Aliyejua useremala alipiga jeneza kwa mbao zilizopatikana, pengine za gari lenyewe, maana miti ilikuwa adimu. Vijana walichimba kaburi. Wengine walikesha na wafiwa na kuwatunzia mifugo. Mhubiri alizunguka kwa farasi katika eneo kubwa, kwa hiyo mara nyingi maziko yalifanyika bila yeye, na mahubiri yakafuata baada ya majuma au miezi. Kazi hiyo haikuwa na ujira. Aliyezikiwa leo alijua kwamba kesho ni zamu yake kushika jembe.

Desturi hiyo ilianza kubadilika baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Katika vita hivyo ulienea ufundi wa kumtia maiti dawa asiharibike, ili askari waliokufa wapelekwe makwao. Mwaka 1865 mwili wa Rais Abraham Lincoln ulisafirishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, na watu wengi mno wakauona njiani. Baadaye reli ilileta majeneza ya kiwandani hata vijijini, na kuzika kukawa biashara. Mwaka 1882 wenye biashara hiyo waliunda chama chao cha taifa. Mkulima, ambaye zamani alihitaji majirani tu, sasa alihitaji fedha taslimu.

Ndipo vyama vya kusaidiana vilipopata nguvu. Mwaka 1868, katika mji wa Meadville, Pennsylvania, Bwana John Jordan Upchurch alianzisha Ancient Order of United Workmen. Kila mwanachama alitoa dola 1; mmoja alipokufa, warithi walipewa fungu lisilopungua dola 500, na waliobaki wakachangishwa tena. Mwaka 1890 kilianzishwa Woodmen of the World huko Omaha, Nebraska, ambacho kilijulikana kwa kuwawekea marehemu mawe ya kaburi yaliyochongwa mfano wa kisiki cha mti. Mengi ya mawe hayo yangali yamesimama.

Lakini mchango wa namna ile ulikuwa sawa kwa kijana na kwa mzee. Wanachama walipozeeka, vifo viliongezeka na michango ikafuatana. Vijana waliona mzigo ule, wakajiunga na vyama vipya. Wakabaki wazee peke yao, na mzigo ukazidi. Vyama vingi vilivunjika, na wazee waliokwisha kuchangia miaka mingi wakakosa msaada. Vilivyodumu ni vile vilivyokubali kutoza ada kwa kadiri ya umri na kuweka akiba kabla ya msiba kutokea.

Basi, chama cha msingi kinachongoja kifo ndipo kipitishe daftari la rambirambi, na kijitazame. Leo kinaweza kutimiza ahadi yake, kwa kuwa wengi wa wanachama wana nguvu. Je, baada ya miaka 20? Twawaomba wajumbe wa mkutano mkuu walizungumze jambo hili: mfuko wa msiba uwe na akiba yake, hesabu zake zikaguliwe kama za mazao, na vijana waingizwe mapema. Wala fedha isituondolee wajibu wa kuchimba kaburi, kuteka maji na kukaa matanga pamoja na wafiwa.