Goti Lililovunjika na Kupoteza Mfupa: Hatua za Upasuaji

Goti huhesabiwa kuwa na mvunjiko wa wazi pale mfupa wa paja, muundi au pia ya goti inapovunjika na ngozi kupasuka hadi uchafu ukaingia ndani. Katika ajali kubwa, zikiwemo za pikipiki, vipande vya mfupa huweza kubaki barabarani. Kipande kikubwa kikionekana, kifungwe katika kitambaa safi na kifikishwe hospitalini pamoja na majeruhi. Kisirudishwe kwenye jeraha.

Kinachotangulia kutibiwa si pengo la mfupa, bali hatari ya maambukizi. Majeruhi hupewa antibiotiki mapema iwezekanavyo, pamoja na kinga ya pepopunda. Jeraha huoshwa, nyama iliyokufa huondolewa, na mguu hushikizwa kwa vyuma vya nje vinavyovuka goti. Mshipa mkuu wa damu ulio nyuma ya goti hukaguliwa mara moja, kwa kuwa ukikatika mguu huweza kupotea ndani ya saa chache. Ngozi isipotosha, msuli wa shavu la mguu hugeuzwa kufunika jeraha.

Pengo hufuata baadaye. Kwa njia ya daktari Mfaransa Masquelet, hujazwa saruji ya mifupa. Baada ya wiki 6 hadi 8 saruji hutolewa, na ndani ya utando uliojijenga kuizunguka hupandikizwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu kutoka nyonga.

Njia hiyo hairudishi gegedu. Uso wa kiungo ukiharibika kabisa, huenda goti likaunganishwa lisikunjike tena: uamuzi mzito, hasa kwa kijana, ingawa humwezesha kusimama kwa mguu wake.