Ural na Kigari Chake cha Ubavuni

Asili ya pikipiki ya Ural ni Ujerumani. Mwaka 1941 Wasovieti waliinakili BMW R71 wakaiita M-72. Majeshi ya Ujerumani yalipoikaribia Moscow, kiwanda kilihamishiwa Irbit, mji mdogo mashariki mwa milima ya Ural, katika majengo yaliyokuwa ya kutengenezea bia. Baada ya vita raia nao wakaanza kuuziwa, na Kyiv ikaunda ndugu yake, Dnepr.

Silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia, upepo uzipooze na fundi azifikie kwa urahisi. Gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti, kwa hiyo hakuna mnyororo wa kukatika. Kigarini hukaa abiria, gunia la viazi au mbwa. Mkulima wa Kirusi asiyemudu gari angetaka nini zaidi?

Lakini unafuu una gharama zake. Vipuri vingi vilichongwa ovyo, oili ilivuja, breki zilikuwa dhaifu. Mwenye Dnepr kuukuu huwa fundi, atake asitake. Hata kuiendesha ni kujifunza upya, maana hailali kwenye kona kama pikipiki ya magurudumu mawili. Kigari kikiwa kulia, ukiongeza mafuta inavuta kulia. Ukishika breki, inavuta kushoto. Kona kali ya kulia huinua kigari kitupu juu, ndiyo maana wanaojifunza hutia humo mfuko wa mchanga. Mwenye haraka atafute chombo kingine: ikifika kilomita 90 kwa saa, injini huanza kulalamika.