Gome Juu ama Gome Chini? Stori ya Watu Wanaopenda Kuni Kupita Kiasi

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 2013, shirika la utangazaji la taifa la Norwei, NRK, lilifanya kitu ambacho kama kingefanyika hapa kwetu, meneja angeitwa ofisini Jumatatu asubuhi aeleze. Walionyesha kuni kwa masaa 12. Sitanii. Masaa manne ya kwanza watu waliongea tu kuhusu kukata, kupasua na kupanga kuni. Halafu kamera ikageuzwa kwa moto, ikabaki hapo masaa manane usiku kucha. Hakuna muvi, hakuna mpira. Gogo likiisha, mtu anaweka lingine.

Na watu walitazama! Karibu milioni moja walipitia hicho kipindi saa moja ama nyingine, kwa nchi ya watu kama milioni tano. Yaani mmoja kati ya kila watano.

Lakini kilichonimaliza ni malalamiko. Meseji ziliingia. Nusu ya waliolalamika walisema kuni zimepangwa vibaya kwa sababu gome, lile ganda la mti, limeangalia juu. Nusu ingine wakasema zimepangwa vibaya kwa sababu gome limeangalia chini. Kuni ni zile zile, wasee. Ni kama ukiuliza Wakenya kama maziwa yanaingia kwa sufuria ya chai mwanzo ama mwisho. Hautapata jibu, utapata vita.

Na usidhani ni ujinga. Timu ya gome juu inasema gome ni kama mabati, mvua inateleza na kuni inabaki kavu. Timu ya gome chini inasema ukifunika kuni hivyo, unyevu utatokea wapi? Hii ni maneno muhimu, kwa sababu mti uliokatwa leo unaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuchoma hivyo, moto unatumia nguvu yake kuchemsha maji badala ya kupasha nyumba, na moshi unakuwa mwingi. Wanaojua wanataka maji yawe chini ya asilimia 20. Kwa hivyo kuni za baridi ya mwisho wa mwaka zinapangwa mapema, na mwenye hajapanga anaonekana na kijiji kizima.

Sasa, hii familia ya watu wa majiko ilianzia wapi? Mimi naanzia Philadelphia, miaka ya 1740. Wakati huo nyumba nyingi za huko zilipashwa na moto ulio wazi ukutani, na joto jingi lilipanda na dohani likaenda kupasha ndege. Mbele unachomeka, mgongoni unaganda. Benjamin Franklin akatengeneza jiko la chuma la kushika hilo joto, na mwaka 1744 akachapisha kijitabu cha kulieleza. Gavana wa Pennsylvania akataka kumpa hati ya kumiliki huo uvumbuzi, ale pesa peke yake. Franklin akakataa. Alisema sisi wote tunafaidika na uvumbuzi wa wengine, kwa hivyo na sisi tutoe wetu bure.

Shida ni kwamba jiko lenyewe lilikuwa na kasoro. Lililazimisha moshi ushuke chini kwanza ndipo utoke, na moshi si mtu wa kushuka. Likiwa baridi, nyumba inajaa moshi. Ikabidi watu wengine walirekebishe, mmoja wao David Rittenhouse. Na hapo ndipo mimi naona mwanzo wa hii udugu: mmoja anatoa wazo bure, mwingine anacheka kasoro zake, halafu anazitengeneza. Cha kuchekesha zaidi, huyo Franklin ndiye aliyesaidia kuanzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto hapo Philadelphia mwaka 1736. Alianza na zimamoto ndipo akaleta moto. Mtu wa mipango.

Miaka mia hivi baadaye, mwandishi Henry David Thoreau alienda kuishi msituni Massachusetts. Kwa kitabu chake cha 1854 anakumbuka utani alioambiwa wakati akilima: visiki alivyong'oa shambani vingempasha joto mara mbili, mara ya kwanza akivipasua, mara ya pili vikiwaka. Huo utani bado unatembea. Watu wa kuni huendelea kuongeza: kubeba ni mara ya tatu, kupanga mara ya nne, na kupanga tena baada ya rundo kuanguka ni mara ya tano.

Turudi Norwei. Ujerumani iliikalia hiyo nchi kutoka 1940 hadi 1945, na petroli ikawa adimu. Unajua watu walifanya nini? Walifunga mtambo kama jiko kwa gari, wakachoma vipande vidogo vya mti, na gesi yake ikaendesha injini. Gari la kuni! Baada ya vita, umeme wa maporomoko ya maji ukawa mwingi na wa bei nafuu, na kuni zikaanza kuonekana mambo ya wazee. Halafu 1973 bei ya mafuta ikaruka dunia nzima, na watu wengi Ulaya na Marekani wakakumbuka jiko la babu. Leo Norwei imetajirika na mafuta, na umeme wake mwingi unatoka kwa maji, lakini bado wanarundika kuni ukutani. Dhoruba ya theluji ikikata stima, jiko haliulizi tokeni.

Mwaka 2011, Mnorwei mmoja anaitwa Lars Mytting aliandika kitabu kizima kuhusu kukata na kupanga kuni. Jina lake ni Hel Ved, na lenyewe ni fumbo: maana yake ni mti mzima usio na ufa, lakini pia ni sifa ya mtu imara ambaye hawezi kukuangusha. Kiliuzwa vibaya sana, na ndicho kilichozaa kile kipindi cha runinga. Ndani yake kuna utani wa zamani kutoka Maine, Marekani: msichana akitaka kujua tabia ya mwanamume, asimuulize maswali, aende aangalie rundo lake la kuni. Limesimama wima, huyo ni mtu wa kusimama. Limeanguka, mama kimbia. Na kama hana kuni kabisa, sahau harusi.

Lakini kuna kitu kingine hapo kilinigusa. Mytting anaeleza kuhusu jirani yake, mzee mgonjwa wa mapafu ambaye alikuwa ametoweka ndani ya nyumba msimu wote wa baridi. Baridi ilipoisha, akaletewa mzigo wa kuni. Mzee akatoka. Pole pole, gogo moja baada ya lingine, akaanza kupanga, na jirani akaona uso wake ukirudi. Hakuna aliyemfanyia hotuba. Ilikuwa ni kuni tu.

Nilisoma hiyo sehemu nikaweka simu chini. Kwa sababu nilipoacha chuo nilienda kukaa ushago kwa shosho, upande wa Nyandarua, kwenye Julai si mchezo. Nyumbani Nairobi kila mtu alikuwa ananiuliza sasa utafanya nini na maisha. Shosho hakuniuliza. Alinipa shoka. Jioni ya kwanza aliangalia kuni nilizopasua, akatulia, akasema, "Wewe kijana, hizi ulipasua ama ulizikasirikia?" Jirani yake, mzee wa miaka mingi kuliko shosho, akawa anapita kila asubuhi kukagua rundo langu kama inspekta. "Leo limeinama kidogo kuliko jana. Tunaenda mbele." Mimi niliyekuwa nacheka nguo zake zikinuka moshi nikitoka shule, nikawa nangoja hukumu yake. Wiki ya tatu, tukiwa tumekaa kando ya moto, nikajikuta namwambia shosho kila kitu kuhusu chuo bila kuulizwa. Hakusema kitu kirefu. Akasukuma gogo ndani kidogo.

Ndiyo maana siamini zile meseji za NRK zilikuwa malalamiko kweli. Kuna watu hawajui kusema "nimekuwaza" ama "usikae peke yako." Lakini wanaweza kukuambia umepanga kuni vibaya, na wakaja kesho kukuambia tena. Kama hawakujali, wangepita tu.

Neno moja la maana kabla mniroge. Majiko ya hao watu yana bomba la kutoa moshi nje. Norwei iliweka kanuni mpya mwaka 1998 ili majiko mapya yachome safi, kwa sababu moshi wa kuni unaumiza mapafu, hata kama ni wa kitamaduni. Jikoni kwa shosho hakukuwa na dohani. Pesa yangu ya kwanza ya kutengeneza video, nilinunua bomba, na yule mzee akasimamia kazi yote akitukana vipimo vyangu. Na usilale na jiko la makaa limewaka ndani ya nyumba, hata baridi iwe aje. Ile hewa yake ya sumu haina harufu na haigongi mlango.

Haya, mpigie mzee wako. Usimuulize kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Muulize gome linaangalia juu ama chini. Shosho wangu ni gome juu, na hataki kusikia maoni yako.