Nyanza Ipi?

Ukisimama Bangwe ukatazama kaskazini, ufuo wa Ziwa Tanganyika unakwenda moja kwa moja hadi Kagunga, kijiji chetu cha mpakani. Ng'ambo ya mpaka, ufuoni huo huo, kuna mji wa Burundi uitwao Nyanza-Lac. Ukiutaja kwa kifupi, Nyanza, msikilizaji wa Kisumu atadhani unazungumzia kwao.

Nyanza maana yake ni ziwa kubwa. Wahaya husema enyanja, Waganda ennyanja, na Wayao wa kusini husema nyasa. Kwa hiyo tusemapo Ziwa Nyasa, tunasema Ziwa Ziwa! Nyanza-Lac nayo ni hivyo hivyo, kwani lac ni ziwa kwa Kifaransa, lugha iliyokuja na Wabelgiji. Mwingereza Speke alipofika karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858 alilikuta neno hilo vinywani mwa wenyeji, akalibandika jina la malkia wake: Victoria Nyanza. Kenya ikawa na Jimbo la Nyanza mpaka kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Rwanda nako, Mwami Musinga aliweka makao yake Nyanza mwaka 1899, mbali na ziwa lolote kubwa.

Wapo waonao jina moja mahali pawili wakaanza kutafuta nani alihama kutoka wapi. Mara nyingi hakuhama mtu. Marekani ipo miji miwili iitwayo Las Vegas, Kihispania cha mabonde yenye majani: mmoja New Mexico, ulioanzishwa 1835, mwingine Nevada, uliozaliwa 1905 katikati ya jangwa, penye chemchemi. Huo wa pili ndio wa kamari. Aliyeona majani alisema majani, kama aliyeona maji alivyosema nyanza.

Kwa msafiri, kupotea jina ni hasara ya nauli tu. Kwa historia ni jambo zito. Tarehe 11 Aprili 1994, baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro, mjini Kigali, watu waliokuwa wamejihifadhi hapo walipelekwa mahali paitwapo Nyanza wakauawa. Hiyo si Nyanza ya Mwami, ambayo nayo ilikuwa na maiti wake mwaka huo huo. Asomaye haraka huwachanganya, na marehemu wa upande mmoja wakakosa kuhesabiwa.

Nyanza ya jirani zetu ina yake. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Burundi ikajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchini kote, na wengi waliosalimika wakavuka kuja Kigoma. Mwaka 2015 ufuo ukajaa tena. Makumi ya maelfu walibanana Kagunga, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kwa mamia kuwaleta Kigoma, wakaelekea kambi ya Nyarugusu. Liemba nalo ni jina la maji: ndivyo Livingstone alivyosikia wenyeji wakiiita ncha ya kusini ya ziwa hili mwaka 1867.