Kuingia seva ya idara kwa SSH ukiwa kafe

Wadau, swali limenifikia tena: mtu yuko likizo Mbeya, mradi wake wa mwaka wa mwisho uko kwenye seva ya idara chuoni, na kompyuta aliyonayo ni ya kafe. Aingieje bila kuibiwa paswedi?

Jibu linaanza na SSH. Zamani watu walitumia Telnet, inayopitisha kila kitu wazi, paswedi ikiwemo. Aliyetega katikati ya njia anasoma tu kama gazeti. Mwaka 1995 paswedi zilinaswa namna hiyo kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika SSH mwaka huohuo. (Tatu ni jina la jamaa, sio namba!)

Kwenye Windows mimi hutumia PuTTY ya Simon Tatham. Ni ya bure, faili moja tu, inakaa kwenye flashi. Andika anwani ya seva, poti 22, fungua. Kuhamisha mafaili, WinSCP inatosha.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoboronga. Ukiunganisha mara ya kwanza kinatokea kidirisha chenye mstari mrefu wa herufi na namba. Hiyo ni alama ya kidole ya seva. Watu wanabonyeza "ndiyo" bila kusoma, yaani wanafungua mlango bila kuuliza nani anabisha. Mwizi anayejifanya seva ya idara naye anaweza kukupokea kwa SSH, ukampa paswedi mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kwenda likizo mwombe msimamizi wa seva alama hiyo, iandike daftarini, ulinganishe. Kompyuta ngeni itakuuliza upya, hiyo kawaida. Lakini likija onyo kwamba alama imebadilika, acha, pigia idara kwanza. Huenda wamebadilisha mashine, huenda sivyo.

Halafu kuna hili: SSH inalinda njia, hailindi kiibodi. Kama kompyuta ya kafe ina programu ya kunasa vibonyezo, paswedi yako imeshaondoka kabla SSH haijaigusa. Hata ufunguo wa siri ulioweka kwenye flashi unaweza kunakiliwa ukiichomeka tu. Ndiyo maana kama una simu ya Android nakushauri uweke ConnectBot, utumie bando lako, hata kama kuandika amri kwa kidole gumba kunachosha. Huna simu hiyo? Basi ingia kafe, chukua faili lako, toka, kisha badili paswedi kwa amri ya passwd mara tu utakapopata kompyuta unayoiamini. Akifuta mradi au akishambulia wengine kupitia akaunti yako, jina litakaloonekana ni lako wewe.

Kwenye seva nyingi za Linux, andika last, acha nafasi, kisha jina lako la kuingilia. Utaona umeingia lini na kutoka wapi. Ukikuta saa ambayo wewe ulikuwa umelala, mwambie msimamizi siku hiyohiyo.